Mwaka Mzima Ulikuwa Unafanya Nini?

Lifti iligoma kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa ile watu wanaingia kazini, ikiwa imejaa hadi mlangoni. Msichana wa mapokezi wa kliniki ya meno alibanwa kwenye kona, blauzi yake nyeupe aliyoipiga pasi alfajiri ikianza kulowa jasho. Milango ilipobanduliwa, akaona ovaroli ya bluu na kijana aliyebana tochi kwapani.

"Nipe mkono, dada. Usiangalie chini."

"Nimeshaangalia."

"Basi niangalie mimi."

Akamwangalia, na mambo yakaanzia hapo.

Siku zile msichana alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Chuo kimoja cha Marekani kilikuwa kimemkubali bila ufadhili, na hiyo ni sawa na kuonyeshwa chakula dirishani. Akaamua kukaa mwaka mmoja, afanye kazi, aombe upya. Mchana alipokea watu wenye mashavu yaliyovimba. Jioni aliandika insha za kujieleza, akafuta, akaandika tena zile zile. Kila Jumapili shangazi yake alimlaki kwa swali moja: "Mmarekani wetu, bado upo?" Watu wakicheka, naye alicheka, kisha akaenda kujilaza na viatu miguuni.

Fundi ndiye aliyeufanya mwaka upitike. Alimwita Profesa. Alimpandisha juu ya paa kwenye chumba cha mota, akamwonyesha chuma kizito kinachoning'inia upande wa pili wa lifti, kinachoshuka kila lifti inapopanda. Na kila mchana alipiga simu.

"Profesa, umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Shuka."

Chuo kingine kilipompa miadi ya mahojiano kwa video, fundi akajitolea kumfanyisha mazoezi. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, ovaroli kaifunga hadi shingoni, uso kaukunja kama mtu mkubwa.

"Mwaka huu mzima ulikuwa unafanya nini?"

Uchovu ukamjibia. "Nilikuwa nasubiri tu. Hakuna cha maana. Nasubiri maisha yangu yaanze."

Fundi akafungua kifungo cha shingoni.

"Kwa hiyo mimi ni benchi."

"Benchi gani tena?"

"La kusubiria. Mtu anakaa, akiitwa anainuka, hageuki hata kuliangalia."

"Mpenzi, haya ni mazoezi."

"Najua. Ndiyo maana umejibu bila kufikiri."

Alichukua mkoba wake wa spana akashuka kwa ngazi, fundi wa lifti mzima. Tangu siku ile simu za msichana ziliita bila kupokelewa. Lifti ilipoanza tena kukoroma, alitumwa fundi mwingine, mzee asiye na maneno. Msichana alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani kusema, "Karibu, jina lako nani?" Hakuwahi kuumia hivyo, na hakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya mahojiano daktari alimwachia kliniki baada ya kufunga. Kwenye kompyuta akatokea mama mwenye nywele nyeupe, mhitimu wa zamani wa chuo kile. Akauliza hili na lile, halafu swali lenyewe likaja.

Msichana alikuwa na jibu la kukariri, lenye uongozi na kujituma ndani yake. Akaliacha.

"Nilidhani nasubiri," alisema, "kumbe nilikuwa naishi. Nimejifunza kumtuliza mtu mzima anayeogopa sindano. Nimejifunza kwamba lifti haipandi kwa mota peke yake, kuna uzito upande wa pili unaoshuka ili wewe upande. Aliyenionyesha hayo nampenda, na nilimwambia mwaka wetu haukuwa na maana. Tukimaliza hapa naenda kumtafuta."

Mama yule aliandika kitu. "Basi nisikucheleweshe," akasema.

Alimkuta fundi kwenye jengo la mtaa wa pili, chumba cha mota, mikono imejaa grisi. Msichana akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekutaja kwenye mahojiano. Labda nimeyaharibu."

"Umesema nini?"

"Kwamba nilikosea. Na habari za kile chuma chako."

Fundi akacheka kidogo bila kupenda. "Wakikuchukua?"

"Nitaenda." Hakutaka kumficha. "Utanisubiri?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hapana."

Msichana aliinamisha kichwa. Hata machozi yalikuwa yamechoka.

"Sikiliza kwanza," fundi alisema, akichuchumaa mbele yake. "Nimekuona ukisubiri. Kusubiri kumekumaliza. Mimi nitafanya kazi, nitalala, nitakupigia simu kila siku kukuuliza kama umekula. Nitakuwa mchumba wako, ukinikubali. Lakini kwenye benchi sikai. Na wewe huko usikae. Uishi."

"Nimekubali," alisema, taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe mfukoni. Mwaka mzima mlio ule ulikuwa ukimrusha kitini. Safari hii aliuacha ulie.

"Umekula?" msichana akamuuliza fundi.

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula," akasema, akamshika ule mkono wenye grisi, wakashuka.