Uji wa Siku ya Tatu

Zama za misafara ya pembe, kabla bendera ya mgeni yeyote haijatwekwa bara, nchi ya Busongwa ilitawaliwa na Mtemi Lugusha. Katika mwaka wa ishirini wa utemi wake, rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa wa jirani yake Mwahuma, walivuka mto, vitambaa vyekundu vichwani na magobori mabegani, wakaizingira ikulu. Walikaa mwezi mzima nje ya boma la magogo. Ndani watu walikula akiba ya uwele, kisha wakala mbegu.

Humo ndani alikuwamo Nyanzala, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kuuguza watu waliopasuliwa. Fundi Shiganga alipasua, Nyanzala akauguza. Tangu vita vianze alikuwa amekabidhiwa watu kumi na mmoja, na wanane walimfia mikononi. Yule wa kwanza alimlilia. Kwa wa nne alinawa mikono akaenda kuchota maji. Kwa wa nane hakukumbuka alifanya nini.

Basi siku moja risasi ikampata Mtemi mwenyewe ubavuni, juu ya nyonga. Shiganga alimpasua mchana ule ule, mlango umefungwa. Alikipitisha kisu motoni, akaichokoa risasi, akaupapasa utumbo kwa kidole akaukuta mzima. Kisha akalifunga jeraha kwa miiba saba ya mgunga iliyozungushiwa nyuzi za magome.

"Asile wala asinywe mpaka upepo umtoke chini," akasema. "Utumbo ulioguswa hulala. Ukiulisha umelala, unapasuka."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nasema ili nisikie sauti yangu."

Akachukua ngao yake akarudi bomani. Kabla jua halijatua walikuja kumwambia Nyanzala kwamba Shiganga amepigwa risasi ya shingo, amekufa.

"Kisu chake kiko wapi?" akauliza.

Wakamletea. Akakiosha akakiweka mahali pake.

Tangu hapo akabaki peke yake na Mtemi. Kila kivuli cha mlango kiliposogea hatua moja alimgeuza, mara kushoto, mara chali. Aliviringisha ngozi akamwekea chini ya magoti ili tumbo lisivutike. Mtemi alipotaka kukohoa, alimkandamizia kiganja juu ya jeraha. Alimlowesha midomo kwa kitambaa, tone kwa tone. Asubuhi na jioni alilinusa jeraha na kulipaka asali, kisha akaweka sikio tumboni. Tumbo lilikuwa kimya kama ghala tupu.

Sasa, sheria ya Busongwa ilikuwa moja: mtemi haugui. Mtemi akiugua, nchi imeugua, na wazee wa ikulu huingia na mkanda wa ngozi ya ng'ombe wakamkaba shingo kabla nchi haijafa pamoja naye. Kwa hiyo ilitangazwa kwamba Lugusha amekwaruzwa tu, anapumzika. Lakini mtu mzima hula. Siku ya tatu akaja Mzee Kapela, mkubwa wa wazee, na wenzake wawili. Mkononi alishika bakuli la uji. Kwapani alibana mkanda, wala hakuuficha.

"Baba Kapela," Nyanzala akasema, "mwache kwanza. Atakula kesho."

"Watu husema mgonjwa haulizwi uji," Kapela akajibu. "Mimi namwuliza, maana nimeambiwa huyu si mgonjwa. Mtemi, utakula?"

"Nitakula," Lugusha akasema. "Lini nilikataa chakula?"

Kapela akaliweka bakuli chini. Na kwa kuwa hakuna jicho la mtu linaloruhusiwa kumwona mtemi akila, wazee wote watatu wakageuka wakaelekea ukuta, wakiamini Nyanzala naye amegeuka. Bakuli tupu ndilo lingekuwa shahidi wao.

Lugusha akanyoosha mkono. Nyanzala akamshika kifundo. Wakatazamana. Macho ya Mtemi yalisema, nipe, heri utumbo upasuke kuliko kukabwa kama mbuzi. Nyanzala hakumpa. Alijua vema kwamba raia ambaye kinywa chake kimegusa bakuli la mtemi hufungwa mtini porini, akaachiwa fisi. Aliitafuta hofu moyoni mwake kama mtu anayekwangua chungu kwa mwiko, hakupata kitu. Basi akaliinua bakuli akalinywa lote, kwa mafunda makubwa yenye kelele, kama mwanamume.

"Sikia hiyo!" mzee mmoja akacheka. "Anakula kama aliyetoka kulima."

"Nyamaza wewe," Kapela akasema, angali akitazama ukuta. "Mtemi, umeshiba?"

Lugusha alikuwa ameshalishika bakuli tupu. Akaligonga kwa ukucha.

"Geuka ulichukue. Na huo mkanda wa kwapani unanuka, Kapela. Utoe nje, unaniharibia hewa."

Wakatoka.

Asubuhi ya siku ya nne upepo ulitoka. Mtemi akaugeuzia ukuta uso kwa aibu.

"Hukusikia kitu," akasema.

"Nimesikia, Mtemi. Toa tena."

Akamnywesha maji ya uwele, vijiko viwili. Kesho yake vitano. Siku ya saba alimketisha, siku ya tisa akamsimamisha huku Mtemi akimtukana mamaye na bibiye. Siku ya kumi na mbili alimkaza tumbo kwa vipande vya kitambaa cha merikani, akamvika joho jekundu juu yake. Lugusha akapanda jukwaa la lango, kibangwa, kombe jeupe la utemi, kinang'aa kwenye paji la uso.

"Mwahuma!" akapaza sauti. "Nasikia uliniua. Mbona hukunialika matangani?"

Rugaruga walikuwa wameahidiwa ngome isiyo na mwenyewe. Baada ya siku tatu walikunja vibanda vyao wakaondoka.

Ngoma zingali zikipigwa, Mtemi akamwita Nyanzala.

"Kinywa chako kiligusa bakuli langu."

"Kiligusa."

"Kukuua siwezi. Kukuacha hapa pia siwezi. Siku moja utasema kwamba sikula, na Kapela angali hai."

"Sitasema."

"Hata hivyo."

Alimpa jembe, mbuzi jike, na mtu wa kumfikisha mpakani. Hakumtazama usoni.

"Sema neno, mama. Hata nitukane."

Nyanzala akatafuta tusi, halikuja.

"Miiba mitano nimekwisha kuitoa," akasema. "Ile miwili ya chini itoe mwezi ukiandama. Ivute sawasawa, usiipinde."

Akamfungua mbuzi, akatoka kwa lango la magharibi.

Busongwa walitunga wimbo wa vita vile. Nyanzala aliusikia miaka mingi baadaye, ugenini, wapagazi wakiuimba kisimani alipokuwa akifua vitambaa vya mgonjwa. Walisifu jinsi Lugusha alivyoumaliza uji bakuli zima, jeraha lake likiwa bichi ubavuni. Aliusikiliza mpaka mwisho huku akikamua kitambaa. Walikuwa na sauti nzuri. Kwamba uji ule ulikuwa umeungua, wimbo haukusema.