Sechelela Asahihisha Jina Lake

Kila Ijumaa, katika kipindi cha Kiswahili, darasa la saba la shule moja ya Mkonze, Dodoma, lilicheza na majina. Ijumaa moja Mwalimu Restuta aliandika ubaoni nomino, kitenzi na kivumishi, na kila mwanafunzi alisimama chini ya kundi la jina lake. Neema alikimbilia nomino. Tumaini alisuasua katikati, maana yeye aliweza kuwa nomino na aliweza kuwa kitenzi. Jordan, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alitangaza kuwa yeye ni mto wa kwenye Biblia na wenzake wampishe apite.

Sesilia peke yake alibaki kwenye dawati. "Langu halina kundi, Mwalimu," alisema.

Hakuitwa Sesilia. Jina lake lilikuwa Sechelela. Alipohamia hapo mwaka uliopita kutoka kijijini, alimkuta Jordan akimcheka mvulana mmoja kwa jina lake la Kigogo. Karatasi zake za uhamisho zilikuwa zimepotea njiani, basi alipoulizwa jina akatoa la uongo, na mwalimu akaliandika.

Ijumaa hiyo mwalimu alikuwa na orodha mkononi. "Haya ndiyo majina yatakayoandikwa kwenye vyeti vyenu vya mtihani wa mwisho. Nitayatuma Jumatatu. Soma lako, na kama ni sahihi tia saini."

Penina, rafiki yake, alimsukumia kalamu. "Saini basi, Sesi, tuwahi uji."

Aliishika kalamu, akaiweka. Mtihani angefanya yeye, cheti kingekuwa cha mtu asiyekuwepo. Alikwenda mbele kwa mwalimu.

"Mwalimu, hili jina si langu. Nilidanganya."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, Mwalimu. Niliogopa kuchekwa, kama Jordan alivyomcheka mwenzetu kwa jina lake."

Mwalimu alikasirika, wala hakuficha. "Jumatatu asubuhi njoo na cheti cha kuzaliwa, na mtu mzima wa nyumbani."

Jumatatu alikuja na cheti cha kuzaliwa, pamoja na bibi yake.

"Shikamoo, Bibi!" darasa zima lilisimama.

"Marahaba, wajukuu zangu." Bibi alimtazama Sechelela kwa uchungu. "Kumbe jina nililokupa unalionea haya?" Kisha akawageukia watoto. "Huyu alizaliwa mwaka mbaya. Uwele ulikauka shambani. Sisi Wagogo humpa mtoto jina la jambo lililotukuta, kwa hiyo wengine walitaka aitwe Nzala, yaani njaa. Nilikataa. Nikasema ataitwa Sechelela, yaani furahi."

"Kumbe ni kitenzi!" Jordan aliropoka.

"Nawe Jordan," alisema mwalimu, "kicheko chako kilimfanya mwenzako ajifiche. Mwombe radhi."

Jordan aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Sechelela."

"Watoto," mwalimu aliendelea, "uongo huu ulikuwa mdogo siku ya kwanza. Kila siku aliyonyamaza ulizidi kukua, mpaka ukakaribia kumnyang'anya cheti. Lakini aliusema mwenyewe, kabla hajabanwa na mtu. Huo ndio ujasiri ninaoutaka kwenu."

Alifuta jina la uongo, akaandika la kweli. Sechelela akatia saini.

"Nisomee nisikie," Bibi alisema.

Sechelela alisoma jina lake kwa sauti iliyofika mpaka darasa la jirani.