Bangili za Sufu za Bibi Uzi

Jua la asubuhi likishafika barazani, Bibi Uzi hukaa kwenye kiti chake na kuanza kufuma. Jina hilo alipewa na majirani, nalo likamganda kabisa. Akishika sindano zake za kufumia, huyo hayupo. Macho yako kwenye vitanzi vya uzi, lakini moyo umeshafunga safari.

Siku hizo moyo ulisafiri mahali pamoja tu, kwa mjukuu wake wa kwanza. Mjukuu mwenyewe alikuwa bado tumboni mwa binti yake, lakini Bibi Uzi alikuwa ameshamwona akitambaa. Alimwona akiota meno. Kuna asubuhi alimwona anafunga ndoa, na aliporudi duniani chai ilikuwa imepoa na nzi ameshaionja. Mapajani mwake blanketi la mtoto lilikuwa likirefuka polepole, jeupe kama maziwa.

Mumewe alikuwa seremala mstaafu. Mikono yake haikujua kupumzika, basi akaihamishia bustanini. Alifukia chupa tupu kichwa chini kuzunguka maua, zikawa ukingo wa kupendeza. Makopo ya rangi yaliyokwisha aliyatoboa chini, akayajaza udongo na kupanda maua ndani yake. Bibi Uzi alimfumia nyavu za kamba za kuyaning'inizia. Asubuhi alifuma sufu, mchana akafuma kamba, na kamba ni ngumu kwa vidole.

Ganzi ilianza kwa kunyemelea. Aliamka alfajiri akakuta mkono wa kulia bado umelala. Akaukung'uta, ukaamka, naye akacheka. Lakini wiki zilipita, na kicheko kikaisha. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilichomachoma kama vimejaa mchanga. Kufunga vifungo vya blauzi kukawa kazi.

Miaka mingi nyuma, mama yake mzazi alipooza upande mmoja wa mwili, akafia kitandani. Bibi Uzi aliona zamu yake imefika. Aliogopa sana, na kwa kuogopa akanyamaza. Hakutaka kusikia mtu akimthibitishia.

Akajifanyia dawa kwa jambo alilolijua. Alidhani ganzi ni baridi iliyoingia kwenye kifundo cha mkono, basi akafuma bangili pana za sufu, zenye kubana, akazivaa mchana na usiku. Ganzi ilipozidi, alifuma nyingine za kubana zaidi.

"Mke wangu, umeanza ndondi uzeeni?" mumewe alimuuliza.

"Urembo huu, baba. Utaujulia wapi?"

Siku moja alipanda kigoda ili aning'inize kopo la maua juu ya lango. Wakati huohuo jirani yao muuguzi alikuwa anaingia kuomba kipandikizi cha ua. Vidole vya Bibi Uzi viliachia. Kopo likaanguka mbele ya miguu ya mgeni, na udongo ukamwagikia viatu vyake.

"Mama, kama hamtaki wageni ungesema tu," muuguzi alisema akijikung'uta.

Bibi Uzi hakucheka. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, na machozi yakamtoka.

"Nimekwisha, mwanangu. Napooza kama mama yangu."

Mumewe, aliyekuwa akigongelea misumari langoni, aliweka nyundo chini. Muuguzi alimteremsha, akamketisha barazani.

"Ganzi hii ilikuja ghafla?"

"Polepole. Miezi sasa. Mikono yote, ila wa kulia zaidi."

"Hebu tabasamu. Inua mikono yote miwili. Vizuri. Sikiliza, Mama. Kiharusi huja ghafla. Mdomo huenda upande, mkono au mguu hulegea, maneno huvurugika. Ukiona dalili moja tu, ni hospitali saa hiyohiyo. Hii yako naona ni kitu kingine. Kidole cha mwisho nacho kina ganzi?"

Bibi Uzi alikichezesha. "Hiki kizima. Sijawahi hata kukifikiria."

Muuguzi alimshika kifundo. "Hapa ndani pana njia nyembamba. Mshipa wa fahamu wa vidole hivi vingine unapita humo. Ukirudia kazi ileile bila kupumzika, au ukilala umekunja kifundo, mshipa unabanwa. Sasa bangili hizi umepewa na nani?"

"Nimefuma mwenyewe. Nilitaka kuupa mkono joto."

"Mshipa unalia umebanwa, nawe unaubana tena."

Bibi Uzi alizivua. Chini yake ngozi ilikuwa na alama nyekundu. Mumewe alizitazama alama hizo kwa muda.

"Mficha maradhi," alianza kusema. Methali hiyo inaishia kwenye kifo. Hakuimalizia.

Kesho yake alimpeleka zahanati. Daktari aliyathibitisha maneno ya muuguzi. Alimpima na sukari, kwa sababu kisukari nacho huleta ganzi, akakuta iko sawa. Alimpa kitambaa chenye kibao ndani, cha kuvaa akilala ili kifundo kinyooke. Akamwambia asikaze sindano, asifume kamba, na apumzike mara kwa mara. Mkono ukizidi kukosa nguvu arudi upesi, kwani zipo tiba nyingine.

Kuvaa kitambaa kulikuwa rahisi. Kupumzika ndiko kulimshinda, maana mtu aliye ndotoni hajui saa. Akisema atapumzika baadaye, baadaye ilikuwa jioni.

Mumewe ndiye aliyepata dawa ya hilo. Alikata uzi wote wa sufu, akauviringa katika mabonge madogo madogo. Kila bonge aliliweka kwenye kopo lake, huku na huko bustanini. Bonge likiisha, Bibi Uzi hakuwa na budi kuinuka na kwenda kutafuta jingine. Njiani alikunja na kukunjua vidole, akanyoosha mikono, akanusa maua. Ndoto zake hazikukatika. Alitembea nazo.

"Bustani yenu imeota sufu," muuguzi alisema alipopita.

Nyavu sasa zilisukwa na seremala mwenyewe. Zilikuwa mbovu, na makopo yalining'inia kama walevi.

Ganzi ilipungua, kisha ikawa haiji ila mara mojamoja. Blanketi nalo lilienda polepole, na mtoto hakulisubiri. Alizaliwa likiwa nusu. Bibi Uzi alifika kwa binti yake akiwa na aibu.

"Blanketi halijaisha, mwanangu."

"Mama, mshike mtoto kwanza."

Alimpokea. Akapitisha kidole gumba pembeni ya sikio dogo, polepole, akakirudisha tena.

"Ana malaika sikioni," alisema. "Vinywele laini kabisa."

Binti aliinama, akatazama sana. "Mbona sivioni?"

"Havionekani," Bibi Uzi alisema. "Ila vipo. Navisikia kwa kidole."