Santuri Tatu za Bure

Fikirini alikuwa na hoteli ya chai Kariakoo. Chai yake ilikuwa ya kawaida tu. Watu walifuata gramafoni. Wachukuzi wa sokoni walikunywa kikombe kimoja, wakasikiliza santuri, wakaagiza cha pili.

Siku moja aliona tangazo gazetini. Chama kimoja cha ng'ambo kiliuza santuri kwa posta. Ukijiunga, unapata tatu bure! Fikirini akatia sahihi. Mkewe, Zamda, hakupenda.

"Baba Kuruthumu, rahisi ghali. Sasa bure je? Mtu hakujui, akupe vitu?"

"Wewe kila mtu unamdhania mwizi."

Santuri tatu zilikuja kweli. Kisha kila mwezi kikaja kifurushi kingine, na bili ndani. Fikirini hakuviagiza. Lakini kwao kitu kilicholetwa hakirudishwi. Ni kumtukana aliyeleta. Basi alipokea, akalipa, na akaandika barua ya kushukuru. Chama kikafurahi, kikaleta zaidi.

Santuri zenyewe! Baada ya wiki chache zilikwaruza kama mtu anaimba huku anakaanga samaki. Wateja wakahamia kwingine. Fikirini akashindwa kulipa bili, akataka kuuza gramafoni.

Zamda alilia. "Ukiuza hiyo, tutauza nini? Maji ya moto?"

Akaenda kumwita Onesphory, jirani yao Mchaga mwenye duka la santuri. Fikirini akamtazama kwa jicho la pembeni. Muuza santuri atamsifu muuza santuri mwenzake?

"Usiniamini mimi," alisema Onesphory. "Amini masikio yako."

Akapiga wimbo uleule kwa santuri mbili, ya chama na ya dukani kwake. Ya chama haikuwa hata na mwimbaji yule.

"Wameajiri mtu wa kuiga. Na santuri ni hafifu, sindano inaila upesi."

"Na vifurushi?"

"Masharti uliyotia sahihi yanasema usipoandika kukataa, wanaleta. Wewe umeandika kushukuru! Kikija kingine usikifungue. Waambie posta wakirudishe. Kisha andika kwamba umejitoa, tuma barua kwa rejista, tunza risiti."

"Si nitawatukana?"

"Bwana Fikirini, hiyo si sahani ya futari. Ni biashara."

Moyo ulimuuma, lakini kifurushi kilichofuata alikikataa. Chama kikatuma barua kali. Akajibu. Kikatuma ya kubembeleza. Hakujibu, na chama kikanyamaza. Bili za santuri alizokwisha kufungua alizilipa kidogo kidogo. Gramafoni ikabaki mezani. Siku hizi husikiliza santuri dukani, pande zote mbili, ndipo hutoa pesa. Wachukuzi wamerudi.

Idi ilipofika, Onesphory alileta santuri mpya. "Zawadi yenu, jirani. Bure."

Fikirini aliishika, akaigeuza, akamkazia macho.

"Bure ya leo tu," akauliza, "au mwezi ujao utaniletea bili?"