Madarasa ya Tatiana

Teresia alirudi nyumbani Harrow, huko ughaibuni, mchana, miguu ikiwaka moto. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka nyumba za wazee. Huyu alimwogesha, yule alimpa dawa, mwingine alimbembeleza ale. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na binti yake Tatiana, mtoto wa miaka kumi. Asubuhi mtoto alikaa kwa Shilpa, jirani wa ghorofa ya chini. Mchana mama alivua koti, akapasha chai, akawa mwalimu.

Tatiana alitolewa shuleni kwa sababu wenzake walimwonea mpaka akaacha kusema. Wala si kwamba alikuwa mkimya tu. Aliacha kabisa, hata kuomba maji. Nyumbani sauti yake ilianza kurudi kidogokidogo. Kisha ikaja habari kutoka halmashauri: Ijumaa afisa wa elimu angekuja kuona mtoto anafundishwa nini. Asiporidhika, Tatiana angeweza kuamriwa arudi shule.

Teresia alikuwa na programu ya kompyuta ya kuweka kumbukumbu za masomo. Kila siku aliandika, hata akiwa hoi. Siku ile akabonyeza palipoandikwa ripoti.

Yakatokea madarasa chungu nzima, kila moja lina kipindi kimoja tu. Kwenye maendeleo palikuwa na sifuri, na chini yake sifuri tena.

"Nimekwisha," alisema.

Tatiana alisogea, akachungulia juu ya bega la mama yake, akasoma yaliyoandikwa kila siku. Amekataa kuandika. Amelia. Amekataa kula. Amemwaga maziwa.

"Mum," aliuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia lakini hakukizungumza, "kwani mimi ni mmoja wa wale wazee wako?"

Mtoto aliingia chumbani, akafunga mlango.

Jioni Shilpa alipanda na sahani ya bajia. Shilpa alizaliwa Kisumu, naye ndiye aliyemsomesha mwanawe Keyur nyumbani mpaka kijana akaingia chuo.

"Kwani kuna nini, Teresia? Mbona macho mekundu hivyo?"

"Dada, watamrudisha kule. Atanyamaza tena, na safari hii hatafungua mdomo. Hebu angalia mwenyewe."

Shilpa aliipitia ripoti. "Mbona kila siku unafungua darasa jipya?"

"Si ndivyo tunavyofanya kazini? Kila ukiingia kwa mzee, unafungua rekodi mpya. Na unaandika kilichoharibika: amekataa dawa, ameanguka. Mambo yakiwa sawa, nani atakuuliza?"

"Lakini Tatiana si mgonjwa, mama."

Neno hilo lilimchoma. Miezi yote hiyo alikuwa amekaa na mwanawe mezani, akimtafutia ugonjwa.

Shilpa alivuta kiti. "Sikiza. Kwanza fungua mwaka wa masomo na mihula yake. Halafu andikisha mwanafunzi. Kisha fungua darasa moja kwa kila somo: Hisabati, Kiingereza, Sayansi. Hilo hulifungui tena. Kila mkisoma, kipindi unakiweka ndani ya darasa lake."

"Na huko ndani niandike nini?"

"Mmefanya nini, kwa muda gani, na ameelewa nini. Weka na picha ya kazi yake. Juzi mlipika chapati, sivyo? Nani alipima unga?"

"Yeye. Tena alizidisha vipimo mara mbili, kwa sababu wewe ulikuwa unakuja."

"Basi hiyo ni Hisabati!"

"Aki, sikuiandika. Niliandika maziwa yaliyomwagika."

"Basi iandike sasa. Lakini usitunge. Weka unachokikumbuka na kilicho kwenye madaftari yake."

Walianza upya. Darasa la Hisabati likapata vipindi vyake. La Sayansi likapata maharagwe yaliyooteshwa dirishani. Teresia aliandika huku akilia, na hakujificha. Mtoto alikuwa amejifunza mengi mbele ya macho yake, naye hakuyaona.

Ijumaa afisa alikuja. Aliitwa Parminder. Alisoma ripoti darasa kwa darasa, akatazama madaftari.

"Naona anasonga mbele," alisema. "Endeleeni hapa nyumbani. Mwakani nitaomba ripoti nyingine."

Teresia alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Angepaswa kurukaruka kwa furaha. Lakini Tatiana hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya ripoti. Mbele ya afisa aliitikia kwa kichwa tu. Teresia aliona ameshinda halmashauri na kumpoteza mtoto.

Jumatatu alifungua programu aandike kazi ya siku. Chini ya Sayansi palikuwa na darasa ambalo hakulifungua yeye. Kiswahili. Mwanafunzi: Tatiana. Mwalimu: Mama. Ndani yake palikuwa na kipindi kimoja, kimeandikwa hivi:

Mimi sikukataa. Niliogopa.

Teresia aliyasoma maneno hayo, akayarudia. Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika mtoto ameelewa nini. Aliiacha wazi. Aliondoka mezani, akaenda kubisha mlango wa chumba.

"Pole, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye sikuelewa."

Kitasa kikazunguka.

"Asante, Mama," Tatiana akajibu, kwa Kiswahili.