Feni ya Kitandani kwa Mama

"Mama mkubwa, kompyuta inaumwa."

Fundi alikuwa anakusanya bisibisi zake. Aligeuka akamwona mtoto wa mdogo wake, yule waliyemwita Kiroboto kwa sababu hakuna kiti alichokikalia akatulia, amesimama mbele ya mashine mpya. Alikuwa amebandika kiganja ubavuni mwa mashine hiyo, kama watu wazima wanavyompima mtoto homa.

"Inaumwa nini, daktari?"

"Ina moto. Na inapumua vibaya."

Mama yake Kiroboto, ambaye alikuwa mshonaji, akacheka bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umesikia, dada? Mwandikie dawa."

Fundi naye alicheka, mpaka alipotazama kioo. Kompyuta ilikuwa haijapewa kazi yoyote. Ilikuwa imewashwa tu, kama mtu aliyekaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Kompyuta ikiwa imetulia hivyo, prosesa yake, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote, huwa na joto la nyuzi arobaini, zikizidi sana hamsini. Kioo kilionyesha tisini na moja.

"Ni mpya," alisema. "Inazoea nyumba."

Mdogo wake aliamini. Fundi hakuamini, kwa sababu kompyuta haizoei nyumba, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake jambo hilo.

Mashine ile ilikuwa zawadi. Kwa miaka mingi mshonaji alichora vipimo vya nguo kwa chaki kwenye magazeti ya zamani, na Fundi alikuwa ameahidi kumwundia kompyuta ya kuchorea. Aliiunda kwa mkono wake, kipande kwa kipande, na mdogo wake alipomshukuru, yeye aliinamisha uso akajifanya anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Tangu mama yao afariki, Fundi alikuwa mwepesi wa kutoa, lakini asante ilimwelemea kama mzigo.

Kesho yake alirudi kuitafuta ile hitilafu. Kanuni yake ilikuwa moja: tafuta kosa dogo kabla ya kuwazia kubwa. Alifungua ubavu wa kasha. Akatazama bamba la kupozea, lile pande la chuma lenye mapezi mengi membamba linalokaa juu ya prosesa ili kuinyonya joto. Wengi wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza husahau kubandua karatasi ya nailoni iliyo chini ya bamba hilo, kisha hushangaa kwa nini mashine inachemka. Yeye alikuwa ameibandua. Alipangusa ule uji wa kijivu unaopitisha joto, akaweka mwingine, tone dogo kama punje ya dengu. Akakaza skrubu kwa mkingamo, kidogo huku, kidogo kule, ili bamba lisilale upande. Akafunga nyaya pembeni zisizuie hewa. Akashika kipande cha karatasi laini mbele ya feni iliyofungwa kwenye bamba, na karatasi ikavutwa upande uliotakiwa.

Hapakuwa na kosa popote. Akawasha. Tisini na nne.

"Umekagua kila kitu?" mdogo wake aliuliza.

"Kila kitu."

"Hata feni?"

"Feni si inazunguka? Unaiona."

"Naiona. Nauliza kama umeifungua ukaikagua. Kila kitu umekifungua, ila hiyo unaizunguka kama mtu anayemkwepa jirani njiani."

Fundi akainama chini ya meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwake.

Adhuhuri ile ndipo harufu ilipoanza. Haikuwa harufu ya waya unaoungua. Hiyo angeifurahia, kwa sababu ina dawa. Ilikuwa harufu ya marhamu ya kuchua kifua, iliyochanganyika na ya shuka lililolaliwa siku nyingi. Mshonaji alinusa, akanusa tena, akasema taratibu, "Dada, chumba hiki kinanuka kama chumba cha mama." Fundi akamwambia ni gundi ya vifaa vipya. Alisema haraka mno.

Kisha ukaja mlio. Feni ilizunguka vilevile, haikupunguza wala kuongeza, lakini sauti yake ilijikata. Ilivuta. Ikanyamaza. Ikavuta tena, kwa shida, kama kitu kinachopanda ngazi. Ndipo Fundi alipotazama pembeni akamwona Kiroboto amekaa.

Amekaa kitini, miguu imening'inia, mikono mapajani, ametulia kabisa.

Mama yake alimrukia. Mtoto alikuwa anawaka. Walizima kompyuta wakambeba mbiombio hadi zahanati, na njiani, kila walipozidi kuwa mbali na nyumba, ngozi yake ilizidi kupoa. Muuguzi alimpima, akatazama kipimo, akawatazama wao. "Mtoto huyu mzima. Mmemleta kucheza?" Na kweli Kiroboto alikuwa ameshapanda juu ya mzani na alikuwa anarukaruka.

Walirudi. Mlangoni tu mtoto akanyamaza, akaenda mwenyewe kwenye kile kiti, akakaa. Mezani, kwenye kompyuta iliyozimwa, ambayo waya wake Fundi aliuchomoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe, feni ilikuwa inazunguka.

"Mwite shangazi," mshonaji alinong'ona.

Shangazi yao alikuwa mtu ambaye watu walimfuata kwa mambo ya majini, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anaogopa mende. Alifika jua likizama, na kabla ya salamu akauliza kama chumba kina mende. Alipoambiwa hakina, akaomba beseni la maji, akaketi sakafuni, akainua kidole watu wanyamaze. Akaisikiliza ile feni kwa muda mrefu, na uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa na mzaha, ukaanza kupoteza mzaha wote.

"Hii si sauti ya chuma," alisema. "Hii ni pumzi. Na mwenye pumzi hii namjua. Wifi yangu alipumua hivi siku aliyokufa."

Mshonaji akaziba mdomo kwa mkono.

"Si yeye," shangazi akaongeza upesi. "Msimwogope mama yenu. Huyu ni yule aliyempanda. Ameiga pumzi yake, basi. Hebu tumsikie anataka nini." Akainamia beseni na kusema kwa upole, kama anayeongea na mgeni mkorofi, "Haya, umekuja. Sema shida yako."

Kiroboto ndiye aliyejibu. Midomo ilikuwa yake, midogo, yenye alama ya sukari pembeni. Sauti ilikuwa nzito na kavu.

"Nani alinifungulia?"

Mshonaji akaketi kwenye kile kiti, akampakata mwanawe.

"Anauliza hilo tu," shangazi akanong'ona. "Jini wa homa haingii mwilini mpaka apewe upenyo. Wakati mama yenu anaumwa, kuna mtu aliuacha upenyo. Akijitaja, jini atamwendea huyo. Asipojitaja, atamchukua aliye mdogo kuliko wote humu ndani, na hatangoja sana. Mimi simjui ni nani. Ninyi mnamjua."

"Sisi?" Mshonaji alikuwa amemkumbatia mwanawe, na jasho la mtoto lilikuwa limeilowesha blauzi yake. "Shangazi, sisi tulimuuguza! Dada alimtengenezea mama feni kwa mikono yake. Mpaka moja ilipoungua."

Fundi alisimama karibu na meza. Alitaka kusema, na ulimi ukagoma, kwa sababu ulikuwa umezoea kugoma; na huku feni ikivuta na kunyamaza, na harufu ya marhamu ikimjaa kooni, aliiona tena ile alasiri, chumba cha mama yao chenye dirisha dogo, na kile kifaa alichokiunda yeye mwenyewe kwa feni mbili za kompyuta na fremu ya mbao, alichokisimamisha ubavuni mwa kitanda ili upepo usikatike usoni mwa mgonjwa, na simu ya mteja ikiita na kuita, mteja aliyeahidiwa kompyuta yake siku ile, kompyuta iliyokosa kitu kimoja tu, feni moja, na yeye akijiambia kwamba moja itatosha, ni jioni moja tu, kesho ataleta nyingine, akapiga magoti akafungua skrubu nne taratibu ili mama asiamke, na mama akawa ameamka, anamtazama.

"Haikuungua," alisema.

Mdogo wake hakumwelewa. "Nini?"

"Feni ya mama. Haikuungua. Niliifungua mimi, nikaenda kumfungia mteja." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mama aliniuliza, 'Mbona upepo umepungua, mwanangu?' Nikamwambia ni umeme. Akasema, 'Haya, nenda, kazi iwe njema.' Niliporudi mlikuwa mmeshamfunika."

Feni ilinyamaza katikati ya kuvuta.

"Yule mteja aliileta kompyuta yake mwaka huu niivunje vipuri," Fundi akaendelea, kwa sababu sasa hakuweza kuacha kusema. "Feni niliitambua. Nilikuwa nimeiwekea tone la rangi nyekundu ya kucha, kama ninavyoweka kwenye vitu vyangu vyote. Nilikuwa naweza kuitupa. Nikasema feni ni feni. Nikaifunga humu, kwenye zawadi yako. Nilidhani ikikufaa wewe, basi..." Hakumaliza. Akageuka kwenye kile kiti. "Mwache mtoto. Ni mimi niliyekufungulia."

Alizitoa skrubu kwa vidole, maana bisibisi iliteleza mkononi, na chuma kilimbabua, naye hakupiga kelele. Aliitumbukiza feni kwenye beseni. Maji yalitoa povu dogo pembezoni, kisha mvuke, kama maji ya chai. Lile tone jekundu lilibanduka, likaelea.

Kiroboto akapiga chafya. "Mama, unanibana," akasema, akateremka mapajani, akaruka kwa mguu mmoja mpaka jikoni kutafuta maji ya kunywa.

Shangazi hakufurahi. Alimvuta Fundi pembeni, akamgusa shingo kwa mgongo wa mkono, akautoa mkono haraka.

"Ametoka kwenye feni," alinong'ona. "Sikusema ameondoka."

"Najua. Namsikia."

"Basi sikiliza. Atakukalia mpaka achoke. Anachokitafuta ni upenyo kama ule wa kwanza, upepo ukatike. Ukipepewa bila kukatika mpaka joto lishuke lenyewe, atakwenda zake. Na upepo wa mashine haumtishi tena, ameshalala ndani yake. Uwe wa mkono wa mtu. Awe amekusamehe au hajakusamehe, hilo jini hajali."

Fundi alimtazama mdogo wake. Mshonaji alikuwa amewapa mgongo, anapanga vipande vya vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Sitamwomba," Fundi akasema. Akachukua mkoba wake wa vifaa, akaenda kwake.

Siku iliyofuata mshonaji alimwita kijana wa duka la vipuri, akamfungia feni mpya iliyotoka kwenye boksi lake. Akaiwasha kompyuta. Nyuzi thelathini na nane. Akangoja. Thelathini na nane. Akafungua ukurasa mweupe wa kuchorea, akachora mstari mmoja wa bega, mstari safi kuliko wowote aliowahi kuuchora kwa chaki. Akaukodolea macho. Alitaka kuuchukia mstari ule, akashindwa, na kushindwa kwenyewe kukamuuma.

Jioni alikata kipande cha kadibodi alichokuwa akikitumia kama kielelezo cha mgongo wa gauni, akamwacha Kiroboto kwa shangazi, akaenda.

Mlango wa Fundi haukufungwa. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho yamezama, midomo imekauka, na joto lake lilisikika tangu kizingitini, kama la jiko. Pembeni yake feni tatu za mezani zilikuwa zinazunguka kwa kasi, na pazia halikutikisika hata kidogo.

Mshonaji alizizima. Akaketi, akaanza kupepea.

"Mkono utachoka," Fundi alinong'ona.

"Nyamaza."

"Mdogo wangu..."

"Nimekwambia nyamaza, dada. Mimi pia nilikuwepo siku ile. Nililiona lile tundu kwenye fremu. Nilikuwa nimechoka, nikaenda kulala kidogo badala ya kumpepea." Kadibodi ilikwenda ikarudi. "Kwa hiyo usiniombe radhi. Lala."

Fundi akafumba macho. Chozi lilimtoka, likakauka kabla ya kufika sikioni.

Nje watu walikuwa wanarudi kutoka makazini, wanataniana, wanafunga maduka. Mshonaji alipepea mpaka bega likaanza kumwaka, kisha kiwiko, kisha vidole vikafa ganzi, na alijua kwamba hana budi kuhamishia kadibodi mkono wa pili. Alifanya haraka kadiri alivyoweza. Hata hivyo kila mara alipohamisha, katika kile kitambo kifupi ambacho upepo ulisimama, midomo ya dada yake ilifunguka yenyewe, na ile sauti nzito, kavu, ikauliza kwa upole, kama jambo ambalo sasa lilikuwa na majibu mawili:

"Nani amenifungulia?"