Fundo la Mselem

Tuhfa alitumwa mafuta ya taa tu. Chupa mkononi, khanga kichwani, aende dukani arudi kabla ya adhana ya magharibi, maana mwari aliyebakiza siku kumi na mbili aolewe hazururi. Hayo ni maneno ya shangazi yake, Bi Khairat, Mpemba wa Wete aliyehamia Makorora na masharti yake yote.

Kabla hajafika dukani, taa zikawaka. Mgao ulikuwa umeachia mapema. Na umeme ukiwaka mwaka ule kila mtu alikimbilia chake, huyu pasi, yule redio. Tuhfa alikimbilia kompyuta.

Tusimcheke. Mwaka wenyewe ni wa tisini na nne, mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa makazini kama majani ya ua. Mzee Fanueli alipopunguzwa alivuka mpaka wa Horohoro, akarudi na kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa magunia ya karafuu, akafungua ofisi ya kuchapa barua. Wachapaji wake walikuwa wawili: Tuhfa, na Lea, Mlutheri aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge, mwenye mtoto wa miezi minne aitwaye Asheri. Mzee alikuwa keshauchoka mgao. "Akitokea mnunuzi hata kesho, naiuza," alisema kila asubuhi, wala hakuna aliyemjali.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo. Mtu mdogo mwenye upanga, mapango, msitu wa uyoga mrefu kuliko minazi. Mtu wasiyemjua alikuwa ameucheza akauacha katikati, na jina lake lilikaa juu ya kioo: MSELEM. Wao wakaendelea pale alipoishia.

"Kitu chochote kilichoko chini, okota," Lea alimfundisha, mtoto titini, mkono mmoja kwenye vitufe. "Ndiyo mchezo wenyewe, shoga. Usipookota hufiki."

Lea mwenyewe hakuwahi kuuvuka msitu ule. Jioni hiyo, peke yake ofisini, Tuhfa akauvuka. Uyoga ulipasuka ukamfukizia mtu mdogo vumbi lake, akayumba, akatokea upande wa pili. Palikuwa na njia panda.

Katikati, kitu chekundu.

Akasogea...

Kitambaa, kimefungwa fundo.

Sasa, mtoto wa Kipemba haokoti kitu njia panda. Akiona yai, kitambaa au kijungu, anazunguka mbali huku anasoma kimoyomoyo, kwa sababu kuna mtu ameyatua maradhi yake pale, na atakayeokota ndiye mwenyewe. Tuhfa alilijua hilo kabla hajaijua alifu. Barabarani asingegusa hata angelipwa. Lakini hii ilikuwa picha! Akacheka peke yake, ati Mpemba aogope hata picha.

Akaokota.

Kompyuta ikatoa mlio. Mmoja, mfupi.

Kisha harufu. Kwanza karafuu. Chini ya karafuu, uvundo wa godoro lililolowa likakunjwa bichi. Tuhfa akageuka mlangoni. Hapakuwa na mtu. Alipokirudia kioo, jina lilikuwa limebadilika.

TUHFA.

Yeye hakuliandika. Alizima akatoka mbio, na chupa ya mafuta akaisahau mezani.

Asubuhi kidole cha shahada kilimwasha. Kufika adhuhuri kilikuwa na duara jeupe, kavu, kama alama ya glasi. Siku ya tatu maduara yalishika vidole vyote vya mkono wa kulia, na kwenye kifundo cha dole gumba kikaota kitu. Kidogo. Laini. Kama sikio la panya.

"Fangasi hao," alisema daktari, akampa dawa ya kupaka. Alipaka. Vikaota viwili zaidi.

Ofisini Lea aliuona mkono, lakini nyumbani Tuhfa aliuficha ndani ya khanga. Bi Khairat alimkazia macho.

"Mkono una nini, mwanangu?"

"Pasi, shangazi. Imeniunguza."

"Pasi haina harufu hiyo," alisema Bi Khairat, akaendelea kuchambua mchele.

Tuhfa alikuwa na hofu moja tu, na tuiseme wazi. Siku ya hina kungwi angeshika vidole vyake kimoja kimoja mbele ya wanawake wote wa mtaa. Wangeuona mkono. Kabla ya isha upande wa bwana harusi ungekuwa na habari, na kesho yake pasingekuwa na ndoa.

Akarudi kwenye mchezo. Mkono wa kulia wa mtu mdogo ulikuwa mweupe. Jioni tatu alimhangaisha mapangoni kutafuta mganga, na ya tatu akampata: kizee kimekaa kwenye moshi. Maneno yalikuja kwa Kiingereza, Tuhfa akayafungua moja moja kwa kamusi ya ofisi. Chumvi. Siki. Kofia ya uyoga wa buluu. Ponda, paka, funga kwa kitambaa kile kile, tembea hatua mia.

Kisha mstari wa mwisho.

*Kitue ulipokiokota. Ugonjwa huu haufi. Hungoja mwingine.*

Alivitafuta vyote akavipata. Akapaka, akafunga, akazihesabu hatua mia huku mkono wake mwenyewe ukimuunguza kama umechovywa sikini. Akafika njia panda. Kidole kikasita.

Mwingine nani? Alimjua. Kesho Lea angewasha mashine, angemkuta mtu mdogo amesimama pale, na angeokota. Lea aliokota kila kitu.

"Nitamwambia," Tuhfa alinong'ona. "Nitawahi kabla yake."

Akatua.

Jina likafutika juu ya kioo. Pakabaki weusi, na kijistari kinachopepesa, kinangoja.

Alfajiri mkono ulikuwa mzima. Magamba yamedondoka shukani, vile vitu vimenyauka. Alilia kwa furaha, akavaa upesi. Mlangoni akamkuta Bi Khairat amekaa kwenye kibao, miguu kaikingamiza njia.

"Shikamoo shangazi. Nafika ofisini mara moja."

"Marahaba. Huendi. Mwari anawekwa ndani leo, singo imeshatwangwa."

"Kuna neno la kumwambia Lea..."

"Basi niambie mie, nitalipeleka."

Tuhfa akafungua mdomo. Amwambie nini? Kwamba ameokota njia panda? Kwamba ametua ili mwenzake aokote?

"Si neno kubwa," akasema.

Siku tatu alisuguliwa singo na kufukizwa udi, na kila mchana alikuwa na nafasi ya kutuma ujumbe. Hakutuma. Aliona haya, tena aliogopa, na ndani kabisa alifurahi kwamba mkono ule si wake tena. Hilo la mwisho ndilo hajawahi kulisema kwa mtu.

Alhamisi alasiri nyumba ilijaa vigelegele. Tuhfa alikaa mkekani, mikono imekunjuliwa, hina mbichi mpaka viwikoni, haruhusiwi kugusa kitu. Lea akaingia. Asheri alikuwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeviringwa khanga.

Akapiga magoti, akamsogelea sikioni. Karafuu. Na ule uvundo.

"Shoga... wako ulipona kwa dawa gani?"

Tuhfa akamwambia. Yote, kwa mnong'ono, huku wanawake wanaimba. Lea alimsikiliza bila kupepesa.

"Jina langu lilitokea," alisema. "Nikadhani umenitania."

"Nenda sasa hivi. Umeme upo. Mtu mdogo ana chumvi na siki bado, nenda ukatue!"

"Mzee ameiuza jana. Wameipakia kwenye lori." Lea akaushusha mkono wa khanga mapajani. "Aliifungua kuisafisha, tukakuta kuvu ndani ya vitufe, jeupe kama pamba. Anasema ndilo lililotuambukiza. Si kweli, eh, Tuhfa?"

 Tuhfa alitaka kumshika, na mikono yake ilikuwa na hina.

Lea akamhamishia mtoto bega la pili. Chini ya kidevu cha Asheri palikuwa na duara. Jeupe, kavu.

Akaondoka bila kugombana. Baadaye ikasemwa amerudi kambini kwao. Barua tatu hazikujibiwa.

Tuhfa akaolewa Ushongo. Miaka sita alikuwa mama anayeuliza swali la ajabu: kila alipoona kompyuta kuukuu, benki, shuleni, kituo cha polisi, aliomba aone kama ina mchezo. Watu walimwona mchangamfu. Yeye alikuwa ameapa kwamba akiipata atatua fundo la Lea, kisha ataliokota mwenyewe, na yaishe.

Jioni moja alipeleka mikate kwenye nyumba ya wageni ya pale pale kijijini. Mezani kwa mpokea wageni, binti aitwaye Leticia, kulikuwa na kompyuta mpya kwao, kuukuu kwa dunia. Harufu ilimpokea mlangoni.

Karafuu.

"Ina mchezo huo, mama," Leticia alicheka. "Lakini mtu wake mgonjwa, hatembei vizuri. Jaribu."

Tuhfa akaketi. Mtu mdogo alikuwa mweupe mpaka begani. Juu yake hapakuandikwa LEA.

ASHERI.

Ugonjwa ulikuwa umemhamia mtoto. Chumvi ilikuwepo, siki ilikuwepo. Akaponda, akapaka, akafunga, hatua mia. Njia panda. Akatua. Jina likafutika, na Tuhfa akashusha pumzi aliyoibeba miaka sita.

Imebaki kuokota.

Kitufe kilikuwa chini ya kidole chake. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi mitano, anayemshika kwa mkono huo huo, anayelala na kidevu chake kwenye kiganja hiki. Aliutazama mkono. Ulikuwa safi.

"Umemponya?" Leticia aliinama, macho yanang'aa. "Hodari wewe! Na hicho chekundu nini? Niachie basi, mama, niendelee mimi."

Nje adhana ya magharibi ikaanza.

Tuhfa akanyanyuka, akampisha kiti, akachukua kapu lake la mikate. Alikuwa hajafika hata getini alipousikia mlio.

Mmoja, mfupi.